Shangazi, Mjomba na Ugomvi Wao

4 Mei

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimefika, nimelala, nimeamka, na sasa naandika, kwa sababu najua simu kwako ni kazi bure. Sikio la kushoto ni la pambo, na la kulia unalitunza kwa ajili ya redio.

Kitinda mimba wako alikuja kunipokea na sare zake za udereva wa basi. Amenenepa shingo. Kitu cha kwanza alichoniuliza ni kama umenipa salamu nimletee au umenipa mawaidha, nikamwambia vyote viwili, na mawaidha ndiyo mazito. Mtoto wake ni mzuri, Mama. Ana wiki tatu tu, lakini anakuangalia kama mtu anayesubiri maelezo. Mama yake anasema sura hiyo ni yako. Mimi nimenyamaza.

Asubuhi nambeba mtoto mama yake apate kulala. Jioni, baba mtu akirudi kazini, mimi niko huru. Basi sasa nikueleze wazee wako.

Uliniagiza niwaendee wote wawili, siku sawa, saa sawa, zawadi sawa, nisije nikaonekana nimeegemea upande. Nimetii. Jumanne kwa Shangazi, Jumatano kwa Mjomba. Lakini Mama, hukuniambia kwamba wanakaa mitaa miwili tu! Ukitoka kwa Shangazi unapita duka la dawa, unampita kinyozi, unakata kona, umefika kwa Mjomba. Watu waliogombana miaka arobaini na nane, wametoka kwao kila mmoja kwa njia yake kutafuta kazi ugenini, wakaja kuishia umbali wa kuazimana chumvi.

Shangazi anakaa chini, chumba na sebule. Ana miaka sabini na saba lakini uzi anauingiza kwenye sindano bila miwani, tena anangoja uwe unamtazama. Akapokea soksi za sufu na sabuni ya kunukia, akashukuru, halafu akauliza, "Na yule umempelekea nini?"

"Yupi, Shangazi?"

"Yule. Kaka wa mama yako. Yule dobi."

"Soksi na sabuni."

"Hizi hizi?"

"Hizi hizi."

Akazipima soksi kwa shibiri, akasema, "Zangu ndefu," akaridhika.

Mjomba naye yuko ghorofa ya tatu, juu ya duka la kufulia nguo. Kila asubuhi anafungua dirisha, ananusa mvuke unaopanda kutoka chini, anatangaza kwamba hawajui kazi. Lifti hakuna. Kwenye kila kituo cha ngazi kuna kigoda. Nikamuuliza vya nini, akasema ni vya wageni wenye magoti. Alinikaangia mayai mawili. "Kule umelishwa nini?" Nikasema supu na mkate. "Bakuli ngapi?" Nikasema moja. Akaenda kukaanga mengine mawili.

Mambo yakiendelea hivi nitarudi nikiwa pipa.

Swali moja, Mama. Waligombana nini hasa? Nimekua nikijua tu kwamba hawasemezani, kama mtu anavyojua ukuta uko wapi ndani ya nyumba yao. Kila ninayemuuliza ananijibu, "Kamuulize mama yako." Ndiyo nauliza.

Mwanao,
Chiriku

13 Mei

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Barua imefika ikiwa imekunjwa na kunyeshewa, lakini maneno yako yote yamo, maana yalikuwa mengi yakapeana joto.

Mwambie huyo kitinda mimba mawaidha yangu ni haya: mtoto akilia usiku, mikono ya kiume nayo inaweza kubeba. Mwambie mkewe anywe uji. Na kama mtoto kafanana na mimi, basi ana bahati. Hilo hukulisema, nakusaidia kulisema.

Nimefurahi umewaona wagomvi wangu. Endelea hivyo hivyo, siku sawa kwa kila mmoja. Ukimpa mmoja dakika kumi za ziada, mwenzake atazisikia kwenye mifupa. Nawaandikia kila mwezi tangu baba yako alipotutoka, kila mmoja barua yake, kurasa nne nne, nikiwasihi wapatane. Wifi yangu hujibu kwamba atapatana na yule dobi siku dobi atakapoomba radhi. Kaka yangu hujibu kwamba ataomba radhi siku mshonaji atakapokiri. Hivyo hivyo, mwezi kwa mwezi. Lakini hawajawahi kuacha kujibu, na majibu yao ni marefu. Hilo nashukuru.

Kuhusu swali lako, wino unaniishia.

Paa la jikoni limezibwa, yule fundi alikuja mara tatu, mara mbili kuangalia na moja kufanya kazi. Wateja wako wa saluni wananisimamisha sokoni kuniuliza unarudi lini. Yule mwalimu mwenye nywele nzito anasema amejifunga kitambaa mpaka urudi, na kweli kajifunga. Jirani yetu kapata mbwa. Mbwa kapata sauti.

Wala usiwatajie harusi yangu. Zungumza nao mambo ya sasa.

Mama yako

21 Mei

Mama mpenzi,

Shikamoo. Wino umekuishia, halafu ukajaza nusu ukurasa kuhusu mbwa. Haya.

Harusi yako sikuitaja mimi. Aliitaja Shangazi mwenyewe. Nilikuwa namtoa mafundo ya nywele, na unajua mtu kichwa chake kikiwa mikononi mwa msusi huwa kinajifungua chenyewe. Akasema, "Gauni la mama yako nililishona siku kumi na tisa. Siku kumi na tisa, mwanangu! Mishono huioni hata ukiitafuta. Asubuhi ya harusi naingia chumbani, ubavuni kuna alama ya pasi, kahawia, imeungua. Nani aliyeshika pasi nyumba ile? Dobi. Basi."

Nikamuuliza Mjomba kesho yake. Aliweka kikombe chini kwanza. "Mpwa wangu, mimi nilipiga pasi nguo za watu miaka kumi kabla ya siku ile na thelathini baada yake. Mashati ya mawakili. Mapazia ya hoteli. Sijaunguza hata leso. Nije niunguze gauni la dada yangu? Alilisogeza yeye kwenye pasi, akilazimisha mshono wake ulale, halafu akatafuta wa kumtwika."

Wakakosana mbele ya wageni wote, siku yako, kila mmoja akitetea kazi ya mikono yake. Mimi nilikuwa nafikiri ni ugomvi wa shamba, au wa urithi. Kumbe ni pasi!

Shangazi ameniambia pia kwamba alilifunika lile doa kwa ua la kitambaa, kwa dakika ishirini, akilia, na watu wote wakalisifu lile ua. Ndilo lile lililo kwenye picha yenu ya ukutani. Miaka yote nalitazama sijajua linafunika nini.

Mama, huoni kama ni rahisi? Nawaza niwakutanishe. Niwaite wote wamwone mtoto siku moja, bila kuwaambia, niwaulize mmoja mmoja, mbele ya mwenzake, asubuhi ile nani aliingia chumbani, saa ngapi, pasi ilikuwa wapi. Mwisho ukweli utatoka tu.

Mdogo wangu anasema nisijaribu, atakosa pa kukimbilia kwa kuwa nyumba ni yake.

Mwanao,
Chiriku

29 Mei

Chiriku,

Acha kuchokonoa. Nakwambia kama mama yako na kama bibi harusi wa siku hiyo. Yaliyopita si ndwele. Usimkutanishe mtu na mtu, usimuulize mtu saa wala pasi. Kila mtu ana haki ya kukasirika kwa amani.

Na hata hivyo alama yenyewe ilikuwa ndogo, kama nusu ya kiganja. Pasi haikukaa pale hata muda wa kugeuza shingo. Watu wamelikuza jambo.

Msuke Shangazi yako, mnyoe Mjomba wako, rudi nyumbani. Mtoto mbusu kwenye utosi kwa niaba yangu.

Mama yako

6 Juni

Mama mpenzi,

Shikamoo. Nimekusikia, nimeacha. Sichokonoi tena. (Ila umejuaje pasi ilikaa muda gani?)

Leo nina habari ya kuchekesha tu. Jumanne Shangazi alinishika mkono akaniambia anataka rangi kichwani. "Mvi zangu zimekuwa za mtu mwingine," akasema. Kwenye begi la kazi nilikuwa na mirija miwili ya rangi iliyobaki nusu nusu, mmoja mweusi na mmoja wa kahawia. Nikachanganya kwenye bakuli, nikaongeza kidogo hiki, kidogo kile. Nilifanya kwa jicho, na jicho siku hiyo lilikuwa limekesha na mtoto. Nikapaka, nikafunga, tukanywa chai, nikasuuza. Mama, ilitoka rangi ya kutu! Bati la zamani lililonyeshewa. Nikaanza kuomba radhi. Shangazi akajitazama kwenye kioo upande huu, upande ule, akasema, "Ninawaka." Amekataa nisiirekebishe. Tena akaniambia iliyobaki kwenye bakuli nisiimwage, ataifunika na sahani, atajua cha kuifanyia.

Kesho kutwa naenda kwa Mjomba. Wiki hii alinibadilishia siku, anasema Jumatano ana shughuli. Shughuli gani ya mzee wa miaka sabini na tisa Jumatano, sijui.

Mwanao,
Chiriku

10 Juni

Mama,

Shikamoo. Naandika kwa kifupi. Nimewaona wote wawili, hawajambo. Hakuna jipya. Ukiona siandiki sana usifikiri kitu. Tafadhali usiniulize habari za Mjomba wala za Shangazi kwa sasa, nitakueleza nikija.

Mtoto anacheka.

Chiriku

19 Juni

Mwanangu,

Barua yako ya mistari sita imenifikia leo asubuhi. Tangu umejua kushika kalamu hujawahi kuniandikia mistari sita. Ulipovunjika mkono ukiwa shuleni uliandika kurasa tatu kwa mkono wa kushoto. "Hakuna jipya." "Usiniulize." Mwanangu, mimi si mtoto. Ni nani? Ni kaka yangu au ni wifi yangu? Amelazwa, au tayari?

Kama yupo bado, na kama anasikia, nimeandika karatasi nyingine, imo humu ndani. Wasomee wote wawili. Nasema wote wawili, chumba kimoja, hata ikibidi uwafungie mlango. Nilikukataza kuwakutanisha. Sasa nakuamuru. Usisubiri siku sawa na saa sawa.

Mama yako

*

Kaka yangu, Wifi yangu,

Gauni niliunguza mimi.

Asubuhi ile mlikuwa nje mnakunywa chai. Kaka alikuwa ameshalipiga pasi na kulitundika, halina kikunjo hata kimoja. Mimi nikaona kikunjo. Hakikuwepo, lakini nilikiona. Bibi harusi huona vitu. Mlikuwa mmenionya nisiguse chochote, nikae tu. Pasi ilikuwa bado na mkaa wa moto. Nikaiweka, nikasikia hatua za mtu kibarazani, nikageuza shingo mlangoni, nikasahau mkono wangu umeshika nini. Nilipokumbuka, harufu ilikuwa imeshatoka. Nikalitundika gauni, ubavu ulioungua nikaugeuzia ukutani, nikakaa kitandani nimeunganisha magoti kama malaika.

Wifi aliingia akaliona akapiga ukelele. Kaka akaja. Mkaanza. Nilidhani mtagombana dakika tano. Nikasema moyoni, nitakiri wageni wakishakula. Walipokula, Kaka alikuwa ameshaondoka. Nikasema, nitakiri kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine. Halafu mkaondoka mmoja mmoja, mkaenda mbali, na jambo likawa kubwa kuliko mdomo wangu. Mume wangu aliondoka duniani hajui. Kila barua niliyowaandikia kuwasihi mpatane nilikuwa nataka kuandika sentensi ile moja hapo juu, nikaandika kurasa nne nyingine badala yake.

Wifi, mshono wako haukuwa na kosa. Kaka, pasi yako haikuwa na kosa. Nisameheni, na kama mmoja wenu hawezi tena kujibu, aliyebaki anisamehe mara mbili.

Dada yenu

27 Juni

Mama, Mama, Mama,

Shikamoo, na kaa chini. Hakuna aliyelazwa. Hakuna aliyekufa. Wote wawili wanakula kuliko mimi. Nisamehe kwa ile barua ya mistari sita. Nilikuwa nimeapishwa, na chiriku akiapishwa hana anachojua kuandika. Sasa kiapo kimefunguliwa. Sikiliza.

Siku ile niliyokwambia naenda kwa Mjomba, nilipanda ngazi, nikagonga, akafungua. Nikamwamkia. Nikainua macho. Mama, masharubu yake yalikuwa rangi ya kutu!

Rangi ile haiuzwi duka lolote duniani. Niliichanganya mwenyewe, kwa makosa, kwenye bakuli la Shangazi.

"Mjomba," nikasema, "masharubu yamekuwaje?"

"Jua."

"Jua gani, wiki nzima mvua?"

"Jua la zamani. Huwa linachelewa kutokea."

Bafuni mtu akapiga chafya.

Tukatazamana. Mjomba akakohoa, kana kwamba chafya inaweza kufunikwa kwa kikohozi. Ikapigwa ya pili. Nikasema kwa sauti, "Afya, Shangazi." Halafu mlango ukafunguka taratibu, akatoka dada yake Baba na nywele zake zinazowaka, taulo begani, brashi ya rangi mkononi, akasema kwa heshima zote, "Marahaba, mwanangu. Nilikuwa napita tu."

Ghorofa ya tatu, Mama! Anapita tu!

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Wao hawakucheka, walikuwa wamesimama wameinamisha vichwa kama wanafunzi waliokamatwa nyuma ya darasa. Ndipo nikaelewa vigoda vya kwenye ngazi. Mjomba aliviweka yeye, kimoja kila kituo, ili Shangazi apumzishe magoti akipanda. Anapanda kila siku isipokuwa siku zangu. Wanakunywa chai ya saa nne pamoja, wanabishana kuhusu nyuzi na vitambaa, anamshonea vifungo, yeye anampigia pasi mapazia. Jumatano ile ilikuwa siku ya masharubu, na siku niliyogonga walikuwa wanaongeza rangi, wamesahau kwamba siku yangu imebadilishwa.

Wakanieleza. Miaka tisa iliyopita Mjomba alilazwa, alifanyiwa upasuaji wa tumbo. Shangazi akasikia kwa mdogo wangu. Anasema alikwenda hospitali amfurahie adui yake akiwa chini. Akamkuta ameshika chungwa hawezi kulimenya. Akamnyang'anya, akalimenya, akampa kipande kimoja kimoja. Lilipokwisha, Mjomba akasema, "Mimi sikuliunguza."

Shangazi akasema, "Na mimi sikuliunguza."

Halafu Shangazi akasema, "Basi ni nani?" Na Mama, anasema wote wawili walijua wakati uleule, wakaanza kucheka, naye Mjomba ana nyuzi mpya tumboni, anaomba aonewe huruma asichekeshwe, mpaka muuguzi akaja kumtoa Shangazi nje.

Wamejua miaka tisa, Mama. Hiyo karatasi yako niliwasomea leo asubuhi, sebuleni kwa Shangazi, nikiwa nimefunga mlango kama ulivyoamuru, ingawa hakuna aliyetaka kutoroka. Nilisoma sentensi ya kwanza nikawatazama. Mjomba akampa Shangazi mkono kama watu waliokuwa wanabishana mpira, akasema, "Nilikwambia atakiri kabla hajafika sabini na moja." Lakini nilipofika pale pa "aliyebaki anisamehe mara mbili," Shangazi alikwenda dirishani kunyoosha pazia lililokuwa limenyooka. Mjomba alilia waziwazi, rangi ya masharubu ikamchuruzika mpaka kwenye kola. Ile rangi haishiki, Mama. Nimejifunza.

Nikawauliza kwa nini miaka tisa hawajakwambia. Wakasema hilo watakuandikia wenyewe. Barua yao imo humu humu ndani ya bahasha.

Mwanao asiye na siri tena,
Chiriku

27 Juni

Wifi yangu,

Naandika mimi kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri. Kaka yako amekaa pembeni anasimamia nukta.

Kwanza, ulikwishasamehewa zamani. Tulikusamehe juu ya kitanda cha hospitali na maganda ya chungwa yakiwa bado kwenye shuka.

Pili, unataka kujua kwa nini tulinyamaza. Kaka yako anasema nianze na barua, mimi nasema nianze na wageni. Nashika kalamu mimi, basi wageni. Mtoto wako dereva ni mtu mwema, lakini ana basi, ana mke, sasa ana mtoto. Tulipokuwa wagomvi alikuja kwangu Jumapili moja, kwa kaka yako Jumapili ya pili. Mara mbili. Na kila aliyekuja ugenini huku kutoka nyumbani alifanya hivyo hivyo, na zawadi mbili. Tungepatana, mngetukusanya kwenye sebule moja, mkatumaliza kwa saa moja, mkaenda zenu. Mtu akishapona, daktari haji tena.

Sasa za barua. Tangu kaka yangu, mumeo, afariki, umetuandikia kurasa nne kila mmoja, kila mwezi, kutubembeleza. Wewe ambaye zamani ulituma kadi yenye jina lako tu! Unatueleza habari za paa, za soko, za watoto, halafu mwishoni unatuomba tupatane. Tunazisoma pamoja saa nne, yangu kwanza, halafu yake, tunalinganisha. Fundi wa paa kwangu alikuja mara tatu, kwake mara nne. Hakuna redio inayotufurahisha hivyo. Tukaogopa. Tukikwambia tumepatana, utaandika nini? Utashukuru kwa mistari miwili, uturudishie kadi.

Kila mwezi tulikuwa tunaketi kutunga majibu ya hasira. Kaka yako hajui kabisa kutukana, nilikuwa namsaidia. "Mshonaji mwenye kiburi cha sindano" niliandika mimi.

Tulikosea kukuachia mzigo huo begani. Hatukujua ni mzito hivyo, tulidhani umekwisha kuuzoea kama sisi tulivyouzoea. Tulipokusikia kwa sauti ya Chiriku tumeona haya. Kaka yako anasema niandike kwamba tumeona haya sana. Nimeandika.

Wifi yako, na kaka yako (sahihi yake hiyo, ndiyo inayofanana na mdudu)

5 Julai

Kwa dobi na kwa mshonaji,

Sitawaita Kaka wala Wifi kwa sasa.

Miaka tisa! Mara miezi kumi na miwili, mara kurasa nne, mara watu wawili! Nimejaribu kuzipiga hesabu jirani akaniletea maji ya kunywa. Nimeandika nikiwa na homa. Nimeandika umeme ukiwa umekatika, tochi nimeiuma kwa meno. Mwezi ule mguu wangu ulipovimba niliandika nimeulaza kwenye kiti, nikiwasihi mpendane, na ninyi mko ghorofani mnakunywa chai mnahesabu mafundi wa paa.

Nilipomaliza kusoma nilikasirika mpaka adhuhuri. Adhuhuri nikaanza kucheka, nikacheka peke yangu jikoni, yule mbwa wa jirani akabweka, nikamcheka naye. Halafu nikalia kidogo. Halafu nikalala usingizi ambao sijaulala tangu nikiwa msichana. Niliamka asubuhi, bega langu la kulia haliniumi. Daktari alikuwa anasema ni umri.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mmenisamehe, nimefurahi. Lakini mimi sijawasamehe. Kuanzia leo nimekosana na ninyi wote wawili. Sitaandika tena kurasa nne za kumbembeleza mtu. Ni zamu yenu. Mtaniandikia ninyi, kila mmoja barua yake, nami sitaki kusikia habari moja imeandikwa mara mbili. Mtaniomba radhi vizuri, kwa maneno mazuri, na mimi nitakuwa najibu kwa hasira. Nina matusi yangu mapya, sijayatumia kwa yeyote.

Kuhusu kadi: mlisema kweli. Nilikuwa naandika jina tu. Hilo limenikaa moyoni.

Aliyekosana nanyi

14 Julai

Wifi, uliyekosana nasi,

Tumeipokea hasira yako saa nne, tukaisoma mara mbili, kaka yako akaomba ya tatu.

Tumejaribu kukuomba radhi kwa barua, kama ulivyoagiza. Kaka yako ameharibu karatasi sita. Yangu ilikuwa inakwenda vizuri, nimefika ukurasa wa pili, nikajiuliza, mimi nina sabini na saba, huyu ana sabini na tisa, barua inachukua siku nane kwenda na nane kurudi. Hiyo ni kasi ya vijana. Nikaweka kalamu. Nikavuka mitaa miwili, nikapanda ngazi zote bila kukaa kwenye kigoda hata kimoja, nikamwambia, "Dobi, chukua koti."

Chiriku anarudi nyumbani tarehe ishirini na nane. Tumekata tiketi ndege hiyo hiyo, viti vitatu, yeye katikati ili atusemeshe wote kwa usawa. Mtoto wako dereva anatupeleka uwanjani kwa gari la rafiki yake, maana tulimwambia lazima aje na basi akasema ataachishwa kazi. Mke wake na mtoto wanakuja kutuaga. Yule mtoto, Wifi, ni wewe mtupu. Jana kanitazama mpaka nikatubu.

Kaka yako hajapanda ndege miaka thelathini na moja. Amepiga pasi kila kitu kilichomo ndani ya sanduku, hata taulo, hata ramani. Mimi ninakuletea nguo niliyokushonea, sisemi ni nini, ila ni ya rangi ya machungwa na hutaivaa kanisani wala msibani. Usiiguse kwa chochote mpaka nikuvalishe mwenyewe.

Usituandalie makubwa. Kitanda kimoja kwangu, kimoja kwake, kuta mbili katikati, anakoroma.

Na tunakuomba kitu kimoja, mimi na kaka yako, wote wawili kwa pamoja na kwa sauti moja: usitusamehe haraka. Tiketi za kurudi ni za baada ya miezi mitatu.

Wifi yako na Kaka yako